Tovuti halali, amri ya mwizi: nani anawalinda watumiaji wa simu katika mwambao wa Ziwa Mweru?

Kwa miaka mingi watumiaji wa intaneti wamefundishwa kanuni moja: soma vizuri anwani ya tovuti, tazama alama ya kufuli, usifungue kiungo usichokijua. Kanuni hiyo ni njema, lakini ipo dosari moja inayoipita pembeni. Dosari hiyo humwezesha mwizi kupandikiza amri zake ndani ya tovuti halali, na kivinjari cha mwenye simu kikazitekeleza kana kwamba zimetoka kwa mwenye tovuti. Katika wilaya kama Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ambako kwa wafanyabiashara na wakimbizi wengi wanaozungumza Kiswahili simu ndiyo benki na ndiyo posta, swali la nani anapaswa kuziba dosari hiyo si la wataalamu peke yao.

Wataalamu huiita kwa kifupi XSS, yaani upandikizaji wa msimbo katika tovuti ya mtu mwingine. Shirika la MITRE la Marekani, ambalo kila mwaka hutoa orodha ya makosa 25 ya hatari zaidi katika programu za kompyuta, liliiweka dosari hii katika nafasi ya kwanza mwaka 2024. Septemba mwaka huohuo, idara ya Marekani ya usalama wa mtandao, CISA, na shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, zilitoa tahadhari ya pamoja zikisema kuwa makosa ya aina hii yanazuilika na kuwataka watengenezaji wa programu wayaondoe kabla bidhaa haijamfikia mteja. Uzito wa tahadhari hiyo uko katika mwelekeo wake: ilielekezwa kwa watengenezaji, wala haikumtupia mzigo mtumiaji.

Ziwa moja, nchi mbili

Ziwa Mweru limekatwa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Zambia, katika Jimbo la Luapula, iko Nchelenge pamoja na mji jirani wa Kashikishi na visiwa vya Kilwa na Chisenga. Upande wa Kongo iko miji ya Kilwa na Pweto, katika mkoa wa Haut-Katanga. Samaki, hasa dagaa wadogo waitwao chisense wanaokaushwa juani, huvuka mikono mingi kabla ya kufika katika masoko ya mbali ya pande zote mbili.

Kila mwaka, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mitatu familia nyingi huishi kwa akiba, na sehemu ya akiba hiyo siku hizi imo katika akaunti za pesa kwa simu za makampuni kama Airtel, MTN na Zamtel. Akaunti ikivamiwa mwezi Januari, mwenye nayo hawezi kurudi majini kesho yake kufidia hasara.

Kiswahili nacho si mgeni katika eneo hili. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika katika ufalme wa Mwata Kazembe katika karne ya 19, na David Livingstone alipofika huko mwaka 1867 aliwakuta wafanyabiashara hao. Katika miaka ya karibuni lugha hiyo imepata wazungumzaji wapya. Tangu mwaka 2017 maelfu ya Wakongo walivuka mpaka wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha mwanzoni mwa mwaka 2018 yakafunguliwa makaazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge. Kwa watu hao simu ni njia ya kutafuta ndugu waliopotezana, kupokea fedha kutoka mbali na kufuatilia habari za nyumbani.

Dosari inavyofanya kazi

Ukurasa wa tovuti una vitu viwili vinavyosafiri pamoja. Kipo kile kinachosomwa na binadamu, yaani maneno na picha, na kipo kile kinachosomwa na kivinjari, yaani amri za kukielekeza kifanye nini. Amri hizo aghalabu huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Kivinjari hakina busara ya kupima nia ya aliyeandika amri. Kinachotazamwa ni ilikotoka: amri ikija ndani ya ukurasa wa tovuti fulani, huhesabiwa kuwa ni ya tovuti hiyo na hupewa haki zote za tovuti hiyo.

Tuseme ipo tovuti ya matangazo ya biashara yenye kisanduku cha kujaza jina la bidhaa. Mfanyabiashara wa Kashikishi anaandika kwamba anauza magunia kumi ya chisense. Mwizi naye, katika kisanduku kilekile, anaandika mstari wa msimbo badala ya jina la bidhaa. Tovuti iliyotengenezwa vyema huuchukua mstari huo kama maandishi ya kawaida na kuuonyesha ulivyo, bila madhara. Tovuti iliyotengenezwa kwa uzembe huuchanganya na kurasa zake. Kuanzia hapo kila anayefungua tangazo hilo, awe Nchelenge, Pweto au Lubumbashi, simu yake inatekeleza amri ya mwizi.

Hiyo ni aina inayohifadhiwa ndani ya tovuti. Ipo nyingine ambayo msimbo haukai katika tovuti bali hubebwa ndani ya kiungo. Mtu hutumiwa kiungo kwa ujumbe wa simu, na mwanzo wa kiungo hicho ni anwani ya kweli ya tovuti anayoiamini. Akikifungua, tovuti yenyewe humrudishia ule msimbo uliofichwa mwishoni mwa kiungo, na kivinjari chake kikautekeleza.

Katika hali zote mbili alama ya kufuli huonekana kama kawaida. Kufuli hilo huthibitisha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefungwa wasiyaone wapita njia. Halithibitishi kwamba kila kilichomo ndani ya ukurasa kimeandikwa na mwenye tovuti.

Madhara yake ni ya aina nyingi. Mtu anapoingia katika akaunti yake, tovuti huipa simu yake alama ndogo ya utambulisho iitwayo kidakuzi, ili asiulizwe nenosiri katika kila ukurasa. Msimbo wa mwizi unaweza kukinakili kidakuzi hicho, na mwizi akaingia katika akaunti bila kulijua nenosiri. Unaweza pia kuchora kisanduku cha uongo ndani ya ukurasa wa kweli na kumtaka mtu aandike namba yake ya siri, au kutuma ujumbe kwa jina lake.

Kosa lisilozeeka

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape. Tarehe 2 Februari 2000, kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani kilitoa tahadhari rasmi kuhusu misimbo ya hila inayopandikizwa katika kurasa za tovuti. Tangu hapo hakuna mtengenezaji wa tovuti anayeweza kudai kwamba hakuonywa.

Oktoba 2005 dunia ilipata mfano usiosahaulika. Kijana wa Marekani, Samy Kamkar, aliweka msimbo katika ukurasa wake wa mtandao wa kijamii wa MySpace. Kila aliyeutembelea ukurasa huo aliongezwa moja kwa moja katika orodha ya marafiki wa kijana huyo, kisha ukurasa wa mgeni nao ukaambukizwa. Kwa muda usiofika saa 20 zaidi ya watumiaji milioni moja walikuwa wamekumbwa, na MySpace ikalazimika kufunga huduma kwa muda. Msimbo huo haukuiba fedha wala siri. Ulionyesha tu jinsi tovuti moja iliyojaa watu inavyoweza kugeuka njia ya maambukizi, bila mtu hata mmoja kupakua chochote cha kutiliwa shaka.

Mwaka 2018 somo likawa la gharama. Wavamizi waliingia katika mifumo ya shirika la ndege la British Airways na kuubadilisha msimbo wa ukurasa wa malipo. Waliingia kwa njia tofauti, lakini ndani ya kivinjari cha mteja matokeo yalifanana na yale ya XSS: abiria waliokata tiketi katika tovuti halali ya shirika hilo waliandika namba za kadi zao, na nakala ikapelekwa kwa wezi. Oktoba 2020 mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20, baada ya kukuta kwamba taarifa za wateja zaidi ya 400,000 ziliathirika. Mamlaka haikuwauliza abiria kwa nini hawakuwa waangalifu. Ilimwuliza mwenye tovuti kwa nini aliuacha mlango wazi.

Kivinjari chenyewe kinapokuwa na ufa

Mpaka hapa kosa ni la tovuti. Lakini lipo kosa zito zaidi, pale ufa unapokuwa katika kivinjari. Kivinjari chochote hujengwa juu ya kanuni kwamba msimbo wa tovuti moja hauruhusiwi kugusa mambo ya tovuti nyingine. Ukurasa wa habari za michezo haupaswi kusoma barua pepe zilizofunguliwa katika ukurasa wa pili. Kanuni hiyo ikivunjika, hata tovuti iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa haiwezi kumwokoa mtumiaji.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2014, mtafiti wa Pakistan, Rafay Baloch, alipofichua ufa katika kivinjari kilichokuja na simu za Android za matoleo ya kabla ya 4.4. Ilitosha kuweka herufi moja tupu, isiyoonekana, mbele ya amri, na kivinjari kikaacha kuukagua mpaka kati ya tovuti na tovuti. Ukurasa wa hila ungeweza kusoma kilichofunguliwa katika tovuti nyingine ndani ya simu hiyohiyo.

Kilichofuata ndicho kinachowahusu zaidi watu wa miji ya mpakani. Januari 2015 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilieleza kwamba Google haitengenezi tena viraka vya sehemu ya kuonyesha kurasa za tovuti katika matoleo ya Android 4.3 na ya kabla yake, ingawa takribani asilimia 60 ya vifaa vya Android vilivyokuwa vikitumika wakati huo vilikuwa na matoleo hayo. Google ilijibu kwamba kuukarabati msimbo mkubwa na wa zamani kiasi hicho hakuwezekani kwa usalama, na ikawashauri watumiaji wahamie vivinjari vinavyosasishwa, kama Chrome au Firefox. Kuanzia Android 5.0 sehemu hiyo iliweza kusasishwa peke yake, bila kungoja mtengenezaji wa simu atoe toleo jipya.

Ushauri huo ulikuwa sahihi, lakini ulimhitaji mtu aliyeusikia, mwenye nafasi katika simu yake na fedha za kununua kifurushi cha data. Simu ya bei nafuu, au iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine, huuzwa sokoni bila maelezo kwamba mtengenezaji wake ameacha kuihudumia. Kwa nje inawaka, inapiga na inapokea. Umri wa kivinjari chake hauonekani. Sasisho nalo hula data ambayo mnunuzi angependa kuitumia kuzungumza na mteja au na mama yake ng'ambo ya ziwa, na aghalabu huahirishwa.

Watengenezaji wa vivinjari walijaribu pia kujenga kichujio cha kuwakinga watu dhidi ya tovuti mbovu. Microsoft iliweka kichujio cha XSS katika Internet Explorer 8 mwaka 2009, na Google ikaweka cha kwake katika Chrome. Matokeo hayakuridhisha. Wavamizi walijifunza kuvipita, na watafiti wakaonyesha kwamba wakati mwingine kichujio chenyewe kiliweza kuzua dosari katika tovuti iliyokuwa salama. Microsoft ilikiondoa katika kivinjari cha Edge mwaka 2018, na Google ikafuata mwaka 2019. Tangu hapo kazi ya kuzuia msimbo wa hila imebaki pale inapostahili kuwa, yaani kwa mwenye tovuti, huku kivinjari kikimpa nyenzo za kumsaidia. Mojawapo ni kanuni inayomruhusu mwenye tovuti kukitajia kivinjari vyanzo vya msimbo vinavyokubalika na kukiamuru kikatae vingine vyote. Nyingine, iliyoanza mwaka 2002, ni alama inayokizuia kidakuzi kisisomwe na msimbo wowote wa ukurasa. Zana zipo na ni za bure. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuzitumia.

Mafunzo kutoka karibu

Afrika imekwisha kuonja gharama ya milango iliyoachwa wazi, hata pale ambapo mlango haukuwa huu wa XSS. Januari 2012 mdukuzi aliyejitambulisha kuwa ni wa Indonesia aliziharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Mei 2022 Benki Kuu ya Zambia ilishambuliwa na genge la Hive, lililokuwa likifunga mifumo ya kompyuta na kudai fidia. Tovuti ya benki na mfumo wa kufuatilia maduka ya kubadilisha fedha vilitatizika, na benki ikakataa kulipa.

Kwa wakaazi wa Mantapala, tukio lenye uzito zaidi huenda ni lile la Januari 2022, pale Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipotangaza kwamba wavamizi wameingia katika hifadhi ya taarifa za watu zaidi ya 515,000. Hao walikuwa watu waliotenganishwa na jamaa zao na vita, uhamaji na majanga, pamoja na wafungwa na waliopotea. Wavamizi walipitia dosari ya programu ambayo kiraka chake kilikwisha kutolewa lakini hakikuwa kimewekwa kwa wakati. Kwa mkimbizi, jina la kijiji alikotoka na majina ya watoto wake si takwimu tu. Mikononi mwa aliyemfukuza, ni ramani ya kumtafuta.

Sheria inamtazama mwizi kuliko mlango

Zambia haikukaa kimya. Mwaka 2021 ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na pakitokea uvunjaji wa usalama amjulishe kamishna ndani ya saa 24. Nchi hiyo pia ni miongoni mwa zilizoridhia Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulioanza kutumika Juni 2023. Aprili 2025 Rais Hakainde Hichilema alizitia saini sheria mbili mpya, moja ya usalama wa mtandao na nyingine ya makosa ya mtandao, zilizochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2021.

Mjadala uliozuka baada ya hapo ulihusu zaidi mamlaka ya dola kusikiliza mawasiliano. Ubalozi wa Marekani mjini Lusaka uliwatahadharisha raia wake kuhusu sheria hiyo, na serikali ya Zambia ikajibu kwamba lengo ni kupambana na wahalifu wa mtandao. Mjadala huo ni wa haki na unagusa uhuru wa raia. Hata hivyo umeliacha pembeni swali jingine: nani anaikagua tovuti ya halmashauri, ya shule, ya duka au ya shirika la misaada kabla mwananchi hajaandika jina lake ndani yake?

Kumwadhibu mwizi ni lazima, lakini mwizi wa XSS anaweza kuwa katika bara jingine na asionekane kamwe mbele ya hakimu wa Zambia. Mwenye tovuti yuko karibu. Ana anwani, ana leseni, ana bajeti. Ikiwa faini ya Uingereza ilifundisha lolote, ni kwamba uangalifu huongezeka pale uzembe unapokuwa na bei.

Mpaka unaongeza ugumu. Mchuuzi anayevuka kutoka Kilwa ya Kongo kwenda Nchelenge huweza kuwa na laini mbili za simu, na kwa hiyo kuwa chini ya sheria mbili. Kongo ina kanuni zake za masuala ya dijitali zilizotiwa saini Machi 2023, zilizoandikwa kwa Kifaransa. Sheria za Zambia ni za Kiingereza. Anayeibiwa katikati ya ziwa, kwa lugha anayoifahamu vyema, hana hata moja anayoweza kuisoma.

Tahadhari isiyosikika

Hapo ndipo suala la kiufundi linapogeuka suala la haki. Zambia ina lugha saba za kikanda zinazotumika katika utangazaji wa umma: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kiluvale na Kilunda. Kiswahili hakimo. Tahadhari za mamlaka ya mawasiliano, ZICTA, au za kampuni ya simu zikitolewa kwa Kiingereza au hata kwa Kibemba, mkimbizi aliyewasili kutoka Pweto huzipata kwa kuambiwa, na aghalabu zikiwa zimekwisha kupotoshwa njiani.

Kisingizio cha kukosekana kwa lugha ya kueleza mambo haya hakina nguvu tena. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ambayo Zambia na Kongo zote ni wanachama, iliipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Maneno kama kivinjari, nenosiri, kidakuzi na kiraka yapo na yanatumika katika simu zenyewe. Karatasi moja yenye maelezo ya wazi, ikibandikwa kwa wakala wa pesa za simu na katika ofisi za makaazi ya wakimbizi, ingegharimu kidogo kuliko akaunti moja iliyovamiwa.

Kinachowezekana sasa

Kwa mtumiaji zipo hatua chache zenye manufaa, ingawa hakuna iliyo kinga kamili. Ya kwanza ni kutumia kivinjari kinachoendelea kusasishwa na kukiruhusu kijisasishe, hata kama ni mara moja kwa mwezi pale data inapopatikana. Ya pili ni kutoka kabisa katika akaunti baada ya kumaliza shughuli, hasa kwa simu inayotumiwa na watu wengi nyumbani, kwa kuwa kidakuzi kilichokwisha kufutwa na tovuti hakimfai mwizi. Ya tatu ni kuingia katika akaunti muhimu kwa kuandika anwani mwenyewe badala ya kufuata kiungo kilichotumwa, hata kama mwanzo wa kiungo hicho unaonekana sahihi.

Ya nne inahusu pesa za simu. Anayetuma fedha kwa kupiga namba fupi yenye nyota na reli hapiti katika kivinjari, na dosari hii haimgusi. Hatari huanza pale ukurasa wowote wa tovuti unapomwomba aandike namba yake ya siri ya pesa. Namba hiyo haina kazi katika ukurasa wa matangazo, wa ajira, wa zawadi au wa usajili wa misaada, na anayeombwa huko anapaswa kuufunga ukurasa na kumpigia wakala anayemfahamu.

Hatua hizo, hata hivyo, zinapunguza tu madhara ya kosa lililofanywa na mwingine. Tiba yenyewe imo mikononi mwa wanaojenga na wanaonunua tovuti. Halmashauri au shirika linaloagiza tovuti lina haki ya kudai katika mkataba kwamba kila kinachoandikwa na mgeni kichukuliwe kuwa maandishi na kisiwe amri, kwamba vidakuzi vifungwe visisomwe na msimbo, na kwamba tovuti ijaribiwe na mtu asiye mtengenezaji wake kabla haijafunguliwa kwa umma. Kamishna wa ulinzi wa taarifa naye ana sheria ya mwaka 2021 ya kuuliza maswali hayo bila kungoja wizi utokee.

Jaribio la kwanza la utashi huo halihitaji Lusaka. Ofisi yoyote ya Nchelenge inayowataka wakimbizi au wafanyabiashara wajiandikishe kupitia tovuti inaweza kuulizwa leo mambo mawili: nani aliikagua tovuti hiyo mara ya mwisho, na iwapo kuna hitilafu, mtu asiyejua Kiingereza aitoe taarifa wapi. Pale ambapo maswali hayo hayana jibu, kumwambia mtumiaji awe mwangalifu ni kumkabidhi ulinzi wa mlango ambao ufunguo wake hajawahi kupewa.